Neno la Kinjeketile na Adabu ya Kusema

Sisi tufundishao watoto karibu na mto Rufiji tuna sababu ya pekee ya kukisoma kitabu cha Ebrahim Hussein kiitwacho Kinjeketile, mchezo wa kuigiza uliochapwa mwaka 1969. Nchi inayoelezwa humo ndiyo nchi yetu. Kinjikitile Ngwale wa historia alikaa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wengi wameusifu mchezo huu kwa habari za vita vya Maji Maji na kwa mafundisho ya umoja. Sisi twapenda kuutazama kwa upande mwingine, yaani jinsi watu wanavyosemezana humo, kazini na nyumbani. Twaona kwamba hapo ndipo penye kiini chake.

Mchezo waanza na wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa na taabu za waume zao. Mmoja asema, mwenziwe aitikia, na shida ya mmoja yawa ya wote wawili. Kisha tukisikia habari za shamba la Bwana Kinoo, lugha yageuka. Huko mwenye kusema ni mmoja, tena asema kwa kiboko. Wengine jibu lao ni kuinama na kulima. Jambo hilo si la kubuni tu. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pande hizi kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya majumbe na maakida. Msimamizi aliyewaona watu wamenyamaza alidhani wamekubali. Hakujua ya kuwa kwetu mtu mzima akinyamaza mbele ya mwenye nguvu, mara nyingi hajakubali. Ameliweka neno lake akiba mpaka apate sikio la kulipokea.

Nalo sikio lilipatikana. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi katika miaka ya 1960, ameandika habari za njwiywila, yaani kunong'onezana kwa siri. Kwa njia hiyo habari ya maji ilikwenda mtu kwa mtu na kijiji kwa kijiji, na mashina ya pamba yalipong'olewa huko Nandete mwezi wa Julai 1905, watawala walishtuka kama watu walioamshwa usingizini.

Lakini mnong'ono una kasoro yake: haujibu swali. Aupokeaye hana nafasi ya kumwuliza mwenye neno, "Wasema nini hasa?" Hapa ndipo Hussein alipoonyesha ustadi wake. Kinjeketile wake atoka majini na kunena akiwa ameshikwa na pepo. Akiisha kurudiwa na akili zake, neno limekwisha kuwa mali ya watu. Yeye ataka kulipima, nao wataka kuliendea vitani. Rafiki yake Kitunda aona shaka, lakini shaka ya mtu mmoja itafanya nini mbele ya umati wenye furaha? Mwisho wake, akiwa amefungwa, Kinjeketile akataa kusema kwamba maji ni uwongo, kwa kuwa ajua neno hilo jipya nalo litachukuliwa na maadui na kutumiwa dhidi ya wale watakaokuja baadaye. Hatujasoma kitabu kingine cha Kiswahili kinachoonyesha wazi hivi jinsi neno linavyomponyoka msemaji.

Pamoja na sifa hizo tuna lawama moja. Hussein aonyesha watu walio na njia mbili tu, kupaza sauti au kukaa kimya na shaka zao. Desturi zetu zina njia ya tatu. Kijana aliye chomboni kati ya Nyamisati na Mafia, akiona nahodha apotea njia, hamwambii, "Umekosea." Atasema, "Mzee, mbona maji yale yamebadilika rangi?" Nahodha hupata habari, wala heshima yake haivunjwi. Tena yuko mtani, ambaye huweza kumwambia hata mkubwa, mbele ya watu, jambo ambalo ndugu yake hathubutu kulitamka. Wote hucheka, na neno limekwisha ingia. Tungalipenda kumwona mtani mmoja akisimama kati ya wapiganaji wale na kuwauliza kwa mzaha kama kuna aliyeyajaribu maji yale. Labda wasingalimsikiliza. Hata hivyo msiba ungalikuwa mkubwa zaidi, maana tungaliona desturi ikijaribu kuwaokoa watu wake na kushindwa.

Haya hatuyasemi kwa sababu ya kupenda vitabu tu. Mwaka 2017 pande zetu za Kibiti na Rufiji ziliingiwa na hofu. Viongozi wa vijiji waliuawa, na tarehe 13 Aprili askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Siku zile mengi yalisemwa kwa mnong'ono, na machache barazani. Hatumlaumu mtu aliyeogopa kufa. Ila tulijifunza kwamba mahali ambapo neno la kweli lina njia moja tu, tena ya gizani, hapawi na salama kwa mtawala wala kwa mtawaliwa.

Nasi walimu tujitazame. Mara ngapi tumemaliza somo na kuuliza, "Mmeelewa?" nao watoto sitini wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Itikio lile ni adabu, si elimu. Tukilichukua kuwa ni kukubali, tumekuwa ndugu zake yule msimamizi wa pamba. Heri tuwafundishe kuuliza kama kijana yule wa chomboni aulizavyo, kwa heshima lakini bila kuficha alichokiona. Kisha tuwape mchezo huu wauigize chini ya miembe ya shule, na wakifika penye umati na furaha yake, tuwasimamishe na kuwauliza: "Wewe ungalisema nini, na ungalisemaje?" Tungojee jibu, hata likichelewa.