Reale ya Mzinga katika Makumbusho ya Williamsburg

Mji wa Williamsburg, katika Virginia, ulikuwa makao makuu ya koloni hilo la Waingereza tangu 1699 hata 1780. Mwaka 1926 kasisi W. A. R. Goodwin alimshawishi tajiri John D. Rockefeller, Mdogo, kugharimia kazi ya kuufufua, na tangu hapo majumba mengi yametengenezwa au kujengwa upya juu ya misingi yake ya zamani. Ndani yake mna wahunzi, wachapaji, mawakili na watumwa wa kuigiza, ambao huvaa na kusema kama watu wa karne ya 18. Makumbusho ya namna hii huitwa ya historia hai; na kwa hakika kilicho hai humo si matofali wala mbao, bali ni usemi.

Mkusanyo wa sarafu haukuwekwa huko barabarani penye usemi. Umo katika jumba la sanaa, ambalo kwa miaka mingi, mpaka lilipopanuliwa na kupewa mlango wake lenyewe mwaka 2020, mgeni alilifikia kwa kupita katika hospitali ya wenye wazimu iliyojengwa upya, kisha akashuka chini ya ardhi. Si ajabu basi kwamba wengi waliokuja kutazama wahunzi na farasi waliukuta mkusanyo huu bila kuutafuta. Hazina hiyo, iliyotajirishwa sana na mkusanyo wa familia ya Lasser, ina fedha za Hispania zilizopigwa Mexico na Potosí, dhahabu za Ureno na za Brazil, shilingi za Massachusetts zenye picha ya msonobari na tarehe ya 1652, na nusu-peni za shaba za Virginia za mwaka 1773. Kwa mtaalamu wa sarafu ni kazi ya kusifiwa. Kwa mtu wa lugha ina upungufu mmoja, nao si mdogo: sarafu zimepangwa kwa jina la aliyezipiga, na jina la aliyezishika halisikiki.

Upungufu huo wadhuru maelezo yenyewe ya historia. Huko nje bei hutajwa kwa pauni, shilingi na peni. Humu ndani mgeni aona karibu kila fedha ila hiyo. Sababu ni kwamba pauni ya Virginia ilikuwa ya hesabu tu. Fedha nyeupe iliyopita mikononi ilikuwa hasa ya Hispania, na dola moja ya Kihispania ilihesabiwa kuwa shilingi 6 za Virginia. Madeni mengi yalilipwa kwa tumbaku, na baada ya sheria ya ukaguzi ya 1730, kwa hati za tumbaku iliyokwisha kaguliwa. Gavana Dinwiddie alipotaka, mwaka 1752, alipwe ada kwa kila hati ya ardhi aliyoitia muhuri, ada hiyo aliitaja kwa jina la sarafu ya dhahabu ya Kihispania, pistole, na ugomvi uliozuka ukafika London. Raia wa mfalme wa Uingereza waligombana na gavana wa mfalme huyo juu ya fedha ya mfalme mwingine, wala hakuna aliyeona neno hilo kuwa geni. Jambo kama hili haliwezi kuelezwa na chuma kilicho kimya ndani ya kioo.

Kiswahili chaweza kutoa ushahidi hapa. Dola ya Kihispania iliyopigwa Mexico tangu 1732 ina mfano wa nguzo mbili, na kati yake duara mbili za dunia chini ya taji moja. Nguzo hizo ni za Hercules, mwisho wa dunia ya kale. Waarabu walipoipata sarafu hiyo katika biashara waliona mizinga miwili, wakaiita baba wa mzinga. Na Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, aliiandika kuwa ni reale ya mzinga, akiitenga na reale ya Sham, ambayo ni ile ya Maria Theresa. Msanii wa Mexico alikusudia fahari ya Hispania kuvuka bahari. Mtu wa pwani alisoma silaha. Ni vigumu kusema kwamba alikosea.

Tena, dola hiyo Wamarekani waliikata kwa patasi vipande vinane, na kila kipande kikaitwa ‘bit’. Hata sasa wazee wao huweza kuiita robo ya dola ‘bit mbili’. Waswahili nao walikuwa na sumni, yaani thumuni, sehemu ya nane, na ile iliyogawanywa ilikuwa reale. Reale ilizidi kidogo tu rupia mbili. Rupia ilipopangwa mwaka 1920 kuwa sawa na shilingi mbili, thumni ya reale ikaangukia karibu na nusu shilingi, na ndiyo maana senti 50 zikaitwa sumni. Mitaa miwili iliyokuwa mbali hivyo iliigawa fedha kwa nane, na kila mmoja ukalihifadhi jina baada ya fedha yenyewe kwisha. Kibao cha maneno thelathini kingetosha kumwambia mgeni hayo.

Lakini swali zito ni jingine. Zaidi ya nusu ya watu wa Williamsburg katika karne ya 18 walikuwa Waafrika na wana wa Waafrika, na wengi sana kati yao walikuwa watumwa. Je, wao walishika fedha gani? Tusidhani kwamba hawakushika. Vitabu vya hesabu vya nyumba ya Thomas Jefferson vyaonyesha kuku na mayai yaliyonunuliwa kwa watumwa wake mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1994 makumbusho haya yaliigiza mnada wa watumwa mbele ya umati, na vyama vya kutetea haki za Waamerika Weusi vikapinga vikali. Waliopinga waliogopa mchezo. Waliotetea walisema machozi yafundisha. Pande zote mbili zilizungumza juu ya watu waliouzwa, kama ilivyopasa, wala hapakuwa na aliyeuliza fedha ile ilikuwa na sura gani. Mnada uko barabarani, sarafu ziko ghalani, na aliyeona kimoja aweza kurudi kwao bila kukiunganisha na cha pili.

Katika makao ya watumwa wa Virginia, na huko Monticello kwa Jefferson ni mojawapo, wachimbaji wamepata sarafu za Kihispania zilizotobolewa tundu ili zivaliwe mwilini. Kwa mkusanyaji tundu ni hasara. Hupunguza bei ya sarafu. Kwa mwanafunzi wa lugha tundu ni neno. Ni mtu aliyeiondoa fedha sokoni, akaipa kazi nyingine na bila shaka jina jingine, ambalo halikuandikwa.

Yabaki neno moja la tafsiri. Mkusanyo huu hauwezi kuitwa kwa Kiswahili ‘sarafu za kikoloni’ pasipo kumpoteza msomaji. Kwa Mmarekani neno hilo lakumbusha mababu walowezi, na mtawala wa ng’ambo ndiye mtesi wao. Kwa Mswahili mlowezi mwenyewe ndiye mkoloni. ‘Sarafu za Virginia ya walowezi’ ni jina refu na lisilopendeza, lakini lamtaja mtu aliyekuwa na mfuko.