Gari Lililovuliwa Miguu ya Mbele

Ukiletewa ununue gari la nguvu ya magurudumu manne ambalo fundi amelikatia nguvu ya mbele, usianze kwa kufungua boneti. Lipeleke kwenye mteremko wowote wa Butembo, na huo haukosekani. Zima injini, acha gia ya kwanza ikiwa imeingia, au P kama ni otomatiki, kisha achia breki ya mkono taratibu, mguu ukiwa juu ya pedali. Likianza kuteremka lenyewe, mrudishie mwenyewe funguo.

Sababu iko kwenye difu ya kati. Land Cruiser 80 nyingi, na Prado nyingi za miaka ya 1990, zinagawa nguvu muda wote, mbele na nyuma, kupitia difu hiyo. Ukitoa propela ya mbele bila kuifunga, nguvu inakimbilia upande usio na mzigo: flanji inazunguka hewani, gari limeganda. Niliwahi kupanda la namna hiyo. Fundi alikuwa ameniambia, “Papa, gari iko bien,” na kweli injini ilinguruma vizuri sana. Swichi ya kufunga difu ilifanya kazi siku aliyonionyesha tu. Kwa hiyo uliza difu imefungwa kwa kitu gani: kwa swichi inayoweza kufunguka njiani, au kwa chuma ndani ya transfa?

Hilux na Land Cruiser 70 hazina taabu hii, kwani hazina difu ya kati. Zenye habu za kufungua kwa mkono hazihitaji hata fundi. Zifungue, ubaki na nguvu ya nyuma. Anayekutoza pesa hapo anauza upepo. Kwa RAV4 na Probox mambo ni kinyume. Injini imelala kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayopata nguvu kwanza. Anayekuahidi kuzigeuza ziendeshwe kwa nyuma kwa bei ya kahawa, muage.

Subaru ndiyo mtihani wenyewe, na hapa fundi mzuri hujulikana kwa alichokiacha, si kwa alichokitoa. Kardani za mbele, zile shafti za kwenda kwenye magurudumu, zikitoka zote, beringi ya gurudumu, rulema kama tunavyoiita, inabaki bila kitu cha kuibana, kwa sababu nati kubwa ya katikati hushika ncha ya kardani. Fundi mjuzi huikata kardani, akairudisha ile ncha ya nje na kuikaza nati sawasawa. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza hata kidogo, usifike nalo Mulekera, kule Beni. Kisha ulale chini uangalie gia boksi pale kardani zilipokuwa zinaingia. Nataka kuona kizibo au sili kavu. Kitambaa kilichosokomezwa nimekwisha kukiona, kimelowa oili.

Kwenye Prado, usisahau difu ya mbele. Magurudumu bado yanaizungusha hata kama propela haipo, kwa hiyo oili yake lazima iendelee kuangaliwa. Ndiyo maana pia akiba ya mafuta si kubwa kama watu wanavyosimulia garajini. Faida ya kweli ni kwamba huna tena haja ya kununua kardani mpya ile ya zamani inapokufa.

Huko Japani kuna vijana wanaoibadilisha Subaru ili wateleze kwa makusudi kwenye viwanja vya mashindano. Sisi tunateleza bure, kwa tope la barabara zetu. Mnamo Juni 2021 marais Tshisekedi wa Kongo na Museveni wa Uganda walizindua mradi wa lami, kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni na 54 kutoka Beni hadi Butembo, na kwa lami gari la nguvu ya nyuma linatosha. Ila anayeelekea Lubero na Kanyabayonga wakati wa mvua atayakumbuka magurudumu ya mbele, hasa gari likiwa tupu na nyuma pakiwa pepesi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba gunia la vipuri vilivyotolewa. Fundi anayejiheshimu hutoa propela akiwa ameweka alama kwenye flanji, bolti zake zikiwa zimefungwa kwa waya, ili irudi vilevile ilivyotoka. Ukiambiwa imeshauzwa, punguza bei yake kwenye bei ya gari, na upunguze tena kidogo kwa kukuficha.