Minyoo ya Busia na Kanda za Fasihi Simulizi

Mhakiki wa fasihi anapoulizwa habari za data, aghalabu hujibu kwamba hayo ni mambo ya wanasayansi. Makala haya yanapinga jibu hilo kwa kuanzia na utafiti mmoja wa kiuchumi uliofanywa Busia.

Mwaka 1998 mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica: utoro shuleni ulipungua kwa robo au zaidi, na hata watoto wa shule jirani zisizopewa dawa walinufaika. Kisha wakawapa wenzao data pamoja na maagizo ya kompyuta waliyoyatumia kuzichambua. Wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walizipitia upya, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba katika kukadiria athari kwa majirani, kompyuta ilikuwa imehesabu shule 12 tu zilizo karibu zaidi na kuziacha nyingine. Nafuu iliyodaiwa kufika umbali wa kilomita 6 ikadhoofika. Ile ya shule zilizopewa dawa ikabaki. Waandishi walikubali kosa la hesabu, wakatetea hitimisho lao la jumla, na ubishi ukawa mkali.

Linalotuhusu hapa ni kwamba kosa lilionekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kukagua.

Je, taaluma yetu ingestahimili ukaguzi huo? Chukua tasnifu ya kawaida ya fasihi simulizi kutoka mpakani. Wimbo wa Kiteso umerekodiwa Malaba, au ngano ya Kisamia karibu na Busia. Kinachochapwa ni tafsiri ya Kiswahili iliyonyooshwa, bila maneno ya asili wala kanda. Mhakiki anayeitilia shaka hoja hana pa kushika. Mpakani hasara huzidi, maana fanani huweza kuchanganya lugha mbili tatu katika utungo mmoja, na yamkini maana yote imo katika kuchanganya huko.

Wala hatukukosa mfano wa nyumbani. Orodha ya J. W. T. Allen iliyochapishwa mwaka 1970 inahusu miswada na kanda (naam, kanda pia) katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Tuliurithi utaratibu huo tukauacha kwenye tendi.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo za matanga si za kuanikwa. Ni kweli, na ridhaa ya fanani lazima itangulie. Lakini kuhifadhi si kuanika. Kanda yaweza kuwekwa maktabani kwa masharti aliyoyataka mwenyewe.

Swali zito zaidi ni la mahali. Data za Busia zilikaguliwa London. Nakala ya kanda ya Malaba haina budi kubaki pia katika kaunti ya Busia, ambako msikilizaji wa Kiteso anaweza kumwambia mtafiti: hapa umetafsiri visivyo.