Kuipima Albamu ya Nyota Kijana

Albamu ya kijana aliyetoka kwenye kundi hupimwa kwa sauti kabla ya biti na kabla ya jina. Ndani ya kundi, mwimbaji dhaifu hubebwa: pumzi ikimkatikia mwenzake anaingia, na kiitikio ni cha wote. Wamaasai wa Ngorongoro wanalijua hilo bila studio. Katika nyimbo zao, ambazo kwa kawaida haziendi na ngoma, olaranyani ndiye anayeanzisha na kupanda juu, huku wengine wakimwitikia kwa mvumo wa kooni. Sikio lililolelewa na uimbaji huo hubaini mapema kama kijana ana uwezo wa kuongoza, au alikuwa mwitikiaji mzuri tu.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Aslay. Alivuma mwaka 2011, akiwa na miaka 16, kwa wimbo "Naenda Kusema", akilelewa na kituo cha vipaji cha Mkubwa na Wanawe cha meneja Said Fella huko Temeke, Dar es Salaam. Baadaye aliimba katika kundi la Yamoto Band pamoja na Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso, ambaye leo ni Mbosso. Kundi lilipovunjika, mwaka 2017 Aslay aliachia nyimbo mfululizo, zikiwamo "Angekuona", "Muhudumu" na "Natamba", bila kuzifunga kwenye albamu. Msikilizaji makini anaweza kuzipanga mwenyewe na kuzisikiliza kwa mkupuo mmoja, kwa sababu udhaifu ambao wimbo mmoja unaficha hujitokeza ufikapo wimbo wa sita: kiitikio kinachojirudia, kilio kilekile cha mapenzi, mpandisho uleule wa sauti.

Umri nao una hesabu yake. Mvulana akibalehe sauti hushuka, na kilichopendwa akiwa na miaka 14 kinaweza kupotea kabisa. Maprodyuza wengine huziba pengo hilo kwa kompyuta inayonyoosha noti, au kwa wageni waalikwa. Kolabo si dosari, lakini albamu ambayo mwenyewe anasikika mara chache kuliko wageni wake haijathibitisha lolote. Mashairi yaangaliwe kwa jicho hilohilo: kijana anayeimba machungu ya ndoa ya miaka 20 huwa ameandikiwa.

Mpangilio ndio hutenganisha albamu na lundo la nyimbo. Rapa Professor Jay, alipotoka kundi la Hard Blasters na kutoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, hakuwa tena mtoto, lakini albamu hiyo bado ni somo: "Ndio Mzee", kejeli ya mwanasiasa mwenye ahadi za uongo, inaendana na nyimbo zinazoizunguka bila kuzirudia.

Halafu kuna jaribio la barabarani. Wimbo uliokamilishwa kwenye spika za studio Dar es Salaam husikilizwa Karatu, jirani na Ngorongoro, kwenye redio ya bodaboda, siku ya mnada, au ndani ya Noah inayopanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Rhotia. Besi ikimeza maneno hapo, uchanganyaji ni mbovu. Wasikilizaji wengi wa huko lugha yao ya kwanza ni Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Misimu ya Temeke haiwafikii yote, hivyo melodia lazima ijitegemee.

Maoni ya wahakiki yapimwe pia. Tuzo za Kilimanjaro, zilizotolewa kuanzia 1999 hadi 2015, na Tuzo za Muziki Tanzania zilizorejeshwa 2022, husaidia kujua nani alitamba mwaka fulani. Idadi ya watazamaji wa YouTube huonyesha zaidi nguvu ya matangazo. Sifa za nje zina mtego wake. Albamu "Maasai Hip Hop" ya kundi la X Plastaz la Arusha, iliyotoka 2004, ilibeba jina lililomuuza Mmaasai kwa mnunuzi wa Ulaya, ilhali sehemu kubwa ya mistari yake ni Kiswahili cha mtaani. Mhakiki asiyeelewa mistari hiyo amehukumu nusu ya kazi, hata akisifia.

Kwa vipimo hivi, Aslay wa 2017 anafaulu vizuri sana kwa sauti, anafaulu kwa melodia, na anaanguka kwa upana wa mada.