Upepo, maji na mlango wa mama

Kitabu chenyewe kilitoka ndani ya sanduku la vitabu vya msaada tuliloletewa kwenye kikundi cha vijana. Jalada halipo, kurasa za mwanzo hazipo, kwa hiyo jina la mwandishi siwezi kuwaambia. Ni cha Kiingereza, kinafundisha feng shui, yaani elimu ya Wachina ya kupanga nyumba ili nguvu wanayoiita qi ipite vizuri. Nimekisoma mara mbili na sikukidharau. Lakini kimeleta ugomvi kwenye nyumba moja hapa Kahendero, ndiyo maana naandika.

Feng ni upepo, shui ni maji. Kitabu kinasema nyumba bora iko na mlima mgongoni na maji mbele. Nikacheka peke yangu. Basi sisi tuko peponi! Nyuma tuko na Rwenzori, mbele Ziwa George. Ila mwandishi hajalala hapa hata siku moja. Kutoka mlima huo huo mto Nyamwamba ulishuka na mawe mwezi wa tano 2013, ukarudia 2020, ukabeba nyumba, na watu wakaishia kambini Muhokya, hapa jirani. Na kutoka kwenye maji hayo mazuri ya mbele, kiboko anapanda kila usiku kula majani.

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliamini. Kitabu kilisema mlango ukitazama maji unaita pesa. Akachukua pesa aliyopata kwa kuvuta nyavu, akaziba mlango wa mama yake, akatoboa mwingine upande wa ziwa. Wiki ya pili kiboko kilisimama hatua chache kutoka kizingiti, watoto wakapiga kelele mpaka asubuhi. Hilo lingesameheka. Kibaya ni neno alilomwambia mama yake: "Mlango wako ndio umetufanya maskini miaka yote hii." Mama aliyevuka Mpondwe na watoto wanne na sufuria moja! Hapo ndipo nagombana na kitabu. Kinamwambia mtu asiyechagua kiwanja, asiyechagua hata nchi, kwamba shida yake inatokana na vile alivyoweka kitanda.

Halafu kuna jambo la kusini. Kitabu kinaamuru mlango utazame kusini, bila kutoa sababu. Sababu ipo, tena ni rahisi, mwanafunzi wa jiografia anaijua. China iko kaskazini ya ikweta, jua lao la kipupwe linapita upande wa kusini, na upepo wa baridi unatoka kaskazini. Basi ukifungua kusini unapata joto, ukiweka ukuta kaskazini unazuia baridi. Ni akili ya watu waliokaa mahali pao wakaangalia. Lakini hapa ikweta inakata ziwa letu lenyewe. Jua linapita juu ya kichwa, mara likiegemea kaskazini kidogo, mara kusini. Kinachotuchoma ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi mchana. Ingia kwenye turubai lenye mlango wa magharibi saa tisa, utaniambia. Na ninyi wa mashirika mnaopanga vibanda kwa mistari: kile kipimo chenu cha mita za mraba 3.5 kwa mtu ni sawa, ila namba peke yake haisemi jua linapiga wapi. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Haiongezi hata shilingi moja.

Sura ya kuondoa vitu chini ya kitanda naipita haraka. Chini ya kitanda chetu kuko mahindi, bidoni mbili, jembe, na makaratasi ya ukimbizi ndani ya mfuko wa plastiki. Qi itafute njia nyingine.

Sura moja tu ilinishika, ile ya kitanda. Inasema usilale miguu ikielekea mlango moja kwa moja, maana ndivyo maiti anavyotolewa. Lakini pia usiupe mlango mgongo. Lala pembeni, mahali unapoweza kuona anayeingia. Mwandishi anaongea kama mtu anayefundisha utulivu. Mimi nilifikiria mambo mengine.

Nilipoenda kusaidia kurudisha mlango wa zamani, nilimsomea mama yule ukurasa huo, nikiutafsiri polepole. Kijana alikuwa anachanganya udongo, hasemi neno. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza Wachina hao walikimbia vita gani. Nikasema sijui. Akasema kwao Beni, tangu 2014, hakuna aliyehitaji kitabu ili alale akiona mlango. Kisha akamwambia mwanawe aongeze maji, udongo umekauka.