Inazunguka Lakini Haiwaki: Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Pikipiki

Pikipiki imekwisha kuwa chombo cha kazi katika kila wilaya. Bwana shamba huipanda kuwafikia wakulima, mhudumu wa zahanati huitumia kupeleka chanjo, na vijana wengi hupata riziki kwa kubeba abiria. Kwa sababu hiyo mwongozo wa matengenezo ya pikipiki ni maandishi ya umma, na lugha yake yafaa ihakikiwe kama inavyohakikiwa lugha ya sheria au ya vitabu vya shule. Katika makala haya tumechagua hitilafu moja tu inayojulikana sana, yaani injini inayozunguka ipigwapo stata au kiki, lakini isiwake. Tunakusudia kuonyesha jinsi tafsiri inavyoweza kumsaidia msomaji au kumpoteza.

Kuzunguka, kuwaka, kuzima

Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno huandika kwamba injini “inageuka lakini haianzi”. Huo si usemi wa Kiswahili. Kwetu safari huanza, masomo huanza, injini huwaka. Tena lugha yetu ina jozi iliyo bora kuliko neno moja la Kiingereza: injini huwaka, na mtu huiwasha. Jozi hiyo hutenganisha tendo la mwendeshaji na hali ya mtambo, na katika utafutaji wa hitilafu tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi.

Lakini jozi hiyo haina mwenziwe upande wa pili. Kitenzi “zima” hutumika kwa mtambo uliokoma wenyewe na kwa mtu aliyeukomesha. “Ikizima” na “ukiizima” hutofautiana kwa viambishi tu, na msomaji mwenye haraka huweza kuvichanganya. Tunashauri iandikwe “injini ikizimika yenyewe” pale mtambo unapokoma bila kuguswa. Na ile swichi nyekundu iliyo kwenye usukani iitwe “swichi ya kuzimia”, kamwe isiitwe “swichi ya kuua”, kwa maana wengi hawataitambua kwa jina hilo, hali hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Kosa la kiambishi

Kosa kubwa zaidi halimo katika msamiati, bali katika sarufi. Injini, stata, betri, plagi, koili, kabureta na pikipiki yenyewe, yote ni maneno ya ngeli moja, nayo huchukua kiambishi “i-”. Sentensi isemayo “ikizunguka lakini isiwake, ikague” haisemi ni kitu gani kinachozunguka, wala kipi kikaguliwe. Jambo hili si la mapambo. Stata ikizunguka peke yake bila kuizungusha injini, hitilafu imo katika klachi ya stata au meno yake. Injini yenyewe ikizunguka kwa kasi ya kawaida bila kuwaka, hitilafu hutafutwa katika mambo mengine: petroli, hewa, cheche, au mgandamizo ndani ya silinda. Msomaji aliyeelewa vibaya huweza kununua betri mpya ilhali ile ya zamani ni nzima, na fedha hizo ni chakula cha nyumba yake. Basi mfasiri asione haya kurudia jina la kitu. Marudio ambayo mwalimu wa insha angeyakata, katika mwongozo wa ufundi ni wajibu.

“Ardhi” iliyo hatari

Waingereza wana neno moja kwa udongo, kwa dunia, na kwa njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha mtambo. Mfasiri asiyejua umeme akiandika “gusisha plagi na ardhi”, msomaji mtiifu ataichomeka mchangani. Hapo umeme hauna njia ya kurudi kwenye koili: cheche haitaonekana, koili itahukumiwa bila kosa, na huenda umeme ukapita mkononi mwake. Maelezo sahihi ni haya: plagi ivishwe kofia yake, kisha ubavu wake wa chuma ulazwe juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotolewa, kwa kuwa mvuke wa petroli utokao humo huweza kushika moto. Mafundi husema “ethi”, nalo ni neno linalofahamika gereji. Lakini kwa msomaji wa kijijini “chuma cha injini” latosha.

Baina ya gereji na kamusi

Wako wanaotaka kila neno la gereji lisanifishwe, na wako wanaoliona kila neno hilo kuwa ni uchafu. Sisi hatukubaliani na upande wowote. “Choki” imekwisha kukaa vinywani. Atakayeibadilisha kwa neno lenye maana ya kukaba roho atachekesha bila kufundisha. Vivyo hivyo, injini “iliyofurika” haieleweki kwa urahisi, bali “petroli imezidi, plagi imelowa” huonyesha chanzo na dalili kwa pamoja. Plagi iliyolowa hujulisha kwamba petroli inafika. Plagi iliyo kavu baada ya kiki nyingi hujulisha kwamba huenda haifiki, na msomaji aelekee kwenye tangi, koki na kabureta.

Hata hivyo lugha ya gereji nayo ina upungufu. Fundi asemapo “hakuna moto”, hutaka kusema umeme, cheche, au hata mwako, na mwenziwe huelewa kwa kuwa wote wawili wanatazama kitu kile kile. Maandishi hayana macho. Hapa wasanifu wana haki: umeme uwe wa waya, cheche iwe ya plagi, na mwako uwe wa silinda. Neno “mgandamizo” nalo lina mzigo wa maana katika masomo ya fizikia. Basi litajwe kwa ukamilifu, “mgandamizo wa silinda”, lisichanganywe na upepo wa matairi.

Hitimisho

Kwa maoni yetu, tafsiri ya ufundi isihesabiwe kuwa imekamilika mezani. Mfasiri aisome mbele ya mtu asiye fundi, akiwa na pikipiki iliyogoma, kisha atazame mkono wa mtu huyo unakwenda wapi. Ukienda pasipostahili, sentensi isahihishwe kabla msomaji hajalaumiwa. Neno “bodaboda” lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kwa waendesha baiskeli, wala halikusubiri kikao. Kazi ya vikao ni kuhakikisha kwamba maneno ya namna hiyo, yanapoingia katika maandishi, kila moja limepewa mahali pake na maana yake.