Ss ndefu ya Kiganda mbele ya di-esa

Chukua tangazo la redio la sekunde 30 kwa Kiganda, limesomwa na mwanamke, litakalorushwa Kampala asubuhi. Ndani yake mna ssaawa ssatu, mna ssente, mna ssebo. Studioni linasikika safi. Likifika kwenye redio ya teksi inayoteremka kutoka Ntinda kwenda mjini, kila ss inachoma sikio. Lawama hutupiwa maikrofoni, na kweli kondensa nyingi za bei nafuu huinua masafa ya juu. Ila ziko sababu mbili nzito zaidi, na ndizo zinazoamua di-esa, kifaa cha kupunguza ukali wa s, itegwe vipi.

Ya kwanza ni lugha yenyewe. Katika Kiganda urefu wa konsonanti hubeba maana: okusa ni kusaga, okussa ni kuweka. Msomaji hodari huivuta ss inavyostahili, hata inapoanza neno. Nguvu ya mlio huo, ambayo kwa wanawake wengi hukusanyika kati ya kilohezi 6 na 9, hukaa sikioni muda mrefu kuliko s moja.

Ya pili ni FM. Kabla ya kurushwa, masafa ya juu hupandishwa makusudi, kisha redio ya msikilizaji huyashusha, ili kupunguza mvumo wa hewani. Kwa kiwango cha mikrosekunde 50, kinachotumika sehemu kubwa ya dunia, sauti ya kilohezi 7 hupanda karibu desibeli 8. Hapo ss huzipita irabu, limita ya kituo huikandamiza, na kinachotoka ni mkwaruzo, au tangazo zima huzama kila s inapopita.

Di-esa ni kompresa inayosikiliza masafa ya juu peke yake. Basi kwanza itafutwe sehemu yenye kero: bonyeza kitufe cha kusikiliza kichujio, sogeza masafa taratibu huku neno ssente likijirudia, usimame pale mlio unapokuwa mkali kuliko kwingine kote. Msomaji mmoja atakuwa kilohezi 6.5, mwingine 8. Namba ya jana haimfai wa leo.

Kisha kizingiti kishushwe mpaka mita iguswe na s tu. Ikicheza kwenye irabu, umeteremka mno.

Sehemu inayoniuma, kwa sababu wengi huiruka, ni muda. Di-esa ikichelewa kushika, hata kwa milisekunde chache, mwanzo wa ss hupita mzima halafu uliobaki hushushwa. Kwenye s fupi huenda usigundue. Kwenye ss ya ssaawa unasikia kipande kikali kikifuatwa na mkia uliofifia, kana kwamba msomaji ameanza na ts. Ushikaji uwe chini ya milisekunde moja, na kama programu ina uwezo wa kutazama mbele, uwashwe. Uachiaji uwe mfupi pia, milisekunde 30 hadi 50, la sivyo irabu inayofuata humezwa.

Upunguzaji nao uwekewe mpaka: desibeli 4, zikizidi sana 6. Kupita hapo, hasa di-esa inapokata masafa ya juu peke yake, ss hupoteza rangi na kuanza kufanana na th ya thelathini. Mtu aliyelipia tangazo la benki hatapenda kusikia thente. Kwa ss nzito mimi huchagua kushusha sauti yote kwa muda ule mfupi. Ss haina besi ya kupoteza, na rangi yake hubaki.

Di-esa ikae baada ya kompresa, maana kompresa hushusha irabu na kuziacha s zikiwa juu zaidi. Mashine ya zamani ya dbx 902 ilipima masafa ya juu yakilinganishwa na sauti nzima, kwa hiyo haikujali msomaji ananong'ona au anapaza. Programu isiyopima hivyo inahitaji sauti iliyokwisha kusawazishwa.

Kabla ya kulipeleka tangazo kituoni, weka ikwalaiza ya muda inayopandisha kilohezi 7 kwa desibeli 8, utazame vilele. Ikiwa ss moja bado inazipita irabu, kizingiti usikiguse tena: ikate ss hiyo peke yake kwenye rekodi, uishushe kwa mkono desibeli 2 au 3, kisha uiondoe ikwalaiza.